Uliona wewe, ao ulisoma? Juu ya vyanzo tunavyotumia kuandika Likasi kwenye kamusi elezo

Kuna ubishi mmoja unaorudi kila mara mmoja wetu anapojaribu kuandika juu ya muji wetu kwenye Wikipedia. Safari hii umerudi na nguvu, sababu unagusa mboga tunazokula, na nimeona afazali niueleze mara moja kuliko kuendelea kuujibu kwa vipande vipande kwenye simu.

Rafiki mmoja, tulisoma naye agronomia, aliandika memwari juu ya bustani za mboga zilizo kando ya mutoni unaopokea maji ya kiwanda. Alipima shaba na kobalti kwenye lengalenga na matembele, akatetea kazi yake, akapata pointi nzuri. Kiisha akaingia kwenye makala ya Likasi na kuandika sentensi moja: mboga za Likasi zina sumu ya metali. Chini yake akaweka jina la memwari yake. Sentensi haikudumu siku mbili. Muhariri mwingine aliiondoa, akaandika kwamba chanzo hakitoshi. Rafiki yangu akakasirika sana. "Unaona? Banatuzarau. Kama ni muzungu njo aliandika, bangeacha."

Hasira yake naielewa, na sehemu moja yake ni ya haki, nitaifikia. Lakini muhariri yule hakukosea, na sababu yenyewe ni kitu ambacho wengi wetu tunatoka chuo kikuu bila kukishika vizuri.

Tuanze na maneno. Chanzo cha kwanza, wengine wanasema chanzo cha msingi, ni kile kinachotoka karibu kabisa na jambo lenyewe: barua ya mutu aliyekuwepo, daftari ya mgodi, picha, hotuba, sheria, ushuhuda wa muzee, matokeo ya laboratwari. Chanzo cha pili ni kazi ya mutu aliyekuja nyuma, akakusanya vyanzo vya kwanza, akavilinganisha, akavipima, kiisha akasema kwa jina lake mwenyewe: mimi naona ilikuwa hivi, kwa sababu hizi. Kuna na chanzo cha tatu, ambacho kinafupisha vile vya pili, kama kitabu cha shule. Kamusi elezo yenyewe iko hapo, kwenye ngazi ya tatu. Ndiyo maana Wikipedia inaomba makala ijengwe hasa juu ya vyanzo vya pili, na inakataza uchunguzi mupya: huwezi kuleta pale wazo ambalo halijatolewa bado mahali pengine popote.

Watu wanasikia "cha kwanza" na "cha pili" kama matokeo ya mtihani, huyu ameshinda na yule amefuata. Wengine wanasikia kinyume, kwamba cha pili kimesafishwa na kwa hiyo ni cha kweli zaidi. Yote mawili si vile. Namba inaonyesha paka umbali kati ya mwandishi na jambo. Swali la kujiuliza ni lingine: kazi ya kupima ilifanywa na nani? Kama imefanywa tayari na mutu mwenye ujuzi, aliyechapishwa na kusomwa na wenzake, wewe mwandishi wa kamusi unabeba matokeo tu. Kama haijafanywa, na wewe ukaifanya mule ndani ya makala, umekuwa mtafiti asiye na mutu wa kumsahihisha.

Nitoe mufano wa kwetu na wa kazi yetu, maua ya shaba.

Kila mutu aliyepanda vilima vya shaba vya Katanga ameona kwamba miti inaishia chini. Katikati ya pori la miombo kilima kinabaki na majani mafupi na maua. Mmoja wa mimea hiyo ni Haumaniastrum katangense, wa familia moja na mrehani. Unapenda udongo wenye shaba hata unaota mahali ambapo watu wa zamani waliyeyusha shaba, na watafiti walionyesha kwamba unaweza kumuongoza mutu hadi kwenye tanuri za kale.

Miaka ya 1970 na 1980, watafiti kama François Malaisse, aliyefundisha Lubumbashi, na Robert Brooks wa New Zealand walipima majani ya mimea ya vilima hivi, wakakuta shaba na kobalti kwa kiasi cha kushangaza. Kipimo kilikuwa miligramu 1000 za metali kwa kilo moja ya majani makavu. Mmea uliopita hapo ulihesabiwa kati ya mimea inayolimbikiza metali kupita kawaida. Makumi ya mimea ya Katanga iliingia kwenye orodha, na orodha ikazunguka dunia. Kwa agronoma hiyo si habari ya kupendeza macho tu. Mmea unaovuta shaba kutoka udongoni ungeweza kusafisha udongo uliochafuliwa: panda maua karibu na kiwanda, vuna, choma, rudia mwaka ujao, mpaka udongo upone. Mwanafunzi gani wa Likasi hajaota ndoto hiyo?

Mwaka 2007, Michel-Pierre Faucon, Mylor Ngoy Shutcha na Pierre Meerts walitoa makala katika gazeti la sayansi Plant and Soil. Shutcha ni mutu wa UNILU, wa agronomia kama sisi. Waliuliza swali ambalo mama yeyote wa Kikula angeuliza kabla ya kuweka sufuria motoni: haya majani mliyaosha? Walilinganisha majani yaliyooshwa vizuri na yasiyooshwa, wakakuta kwamba kuosha kunashusha hesabu ya shaba na kobalti. Sehemu ya metali iliyohesabiwa zamani haikuwa ndani ya jani, ilikuwa vumbi juu ya jani. Mimea iliyosifiwa kwa miaka mingi ikabidi iangaliwe upya. Kiisha, mwaka 2013, Antony van der Ent na wenzake walipitia maandishi ya dunia nzima juu ya mimea ya namna hii. Walionya tena juu ya vumbi na udongo unaobaki kwenye sampuli, wakapendekeza kwamba kwa shaba na kobalti kipimo kishuke hadi miligramu 300.

Sasa angalia. Kila namba ya zamani ni chanzo cha kwanza, na hakuna aliyedanganya. Mashini ilisoma kilichokuwa ndani ya jani na kilichokuwa juu yake, vyote pamoja. Lakini mwandishi wa kamusi ambaye angeichukua namba moja peke yake angeandika sentensi yenye nukuu safi na maana mbovu. Makala ya 2013 ndiyo ya pili: iliweka kazi zote mezani, za zamani na za karibuni, ikasema zipi zinasimama. Na ile ya 2007? Hapa ndipo wengi wanashangaa. Kwa matokeo yake yenyewe ya kuosha majani, ni chanzo cha kwanza, hata kama imetoka katika gazeti linaloheshimiwa. Kwa kurasa zile ambamo inahukumu kazi za waliotangulia, inakuwa ya pili. Ni kama mutu mmoja nyumbani: kwa huyu ni baba, kwa yule ni mujomba.

Hiyo naomba muishike, sababu sisi watu wa sayansi ndiyo tunaanguka hapo. Tumefundishwa kwamba makala ya gazeti la kisayansi ndiyo mwisho wa maneno. Kwa kamusi elezo, uchunguzi mmoja, hata uwe muzuri namna gani, ni shahidi mmoja.

Turudi kwa mboga. Mwaka 2009, Célestin Banza Lubaba Nkulu wa UNILU pamoja na wenzake wa Kongo na wa Leuven, Ubelgiji, walitoa katika gazeti Environmental Research matokeo ya mikojo ya watu 351 wa kusini-mashariki ya Katanga. Walioishi chini ya kilomita 3 kutoka mgodi ao kiwanda cha kuyeyusha walikuwa na metali nyingi zaidi mwilini, kati yao kobalti, shaba, risasi na uraniamu. Ni kazi nzito, imesomwa mbali. Lakini kwa mambo ya afya, Wikipedia ya Kiingereza ina sharti kali zaidi kuliko kwa historia ao jografia: inataka kazi zinazopitia chunguzi nyingi pamoja, haitaki sentensi ya ugonjwa ijengwe juu ya uchunguzi mmoja. Kwa hiyo unaweza kuandika, bila kuongeza chumvi, kwamba uchunguzi wa 2009 ulipima watu 351 na kukuta hivi na hivi. Hauwezi kuandika kwamba kuishi karibu na kiwanda kunaleta ugonjwa fulani ukaweka makala ileile chini. Kati ya kobalti kwenye mukojo na mutu aliyelala hospitalini kuna njia ndefu, na ni wengine waliopewa kazi ya kuitembea.

Sentensi ya rafiki yangu ilikuwa na shida hiyohiyo, mara tatu. Mboga gani? Alipima mbili. Bustani gani? Za mutoni mmoja. Ziliooshwa? Memwari ilieleza, sentensi haikueleza. Lakini "mboga za Likasi" ni pamoja na sombe ya mama aliyelima mbali kabisa na kiwanda, anayeamka saa kumi ya usiku kuleta mafungu yake sokoni. Sentensi ya kamusi haibaki pale ilipoandikwa. Inanukuliwa, inapita kwenye simu, siku hizi inamezwa na mashini zinazojibu maswali, na siku moja mnunuzi anamwambia yule mama: niliona kwenye intaneti, mboga ya hapa ni sumu. Anarudi na kitunga chake kimejaa.

Na upande wa pili ni mubaya zaidi. Tuseme mboga za bustani zile kweli zina metali kupita kiasi. Siku wakaaji watakapokwenda kudai haki, wakionyesha Wikipedia, wenye kiwanda watajibu kwa kicheko: hiyo ni memwari ya mwanafunzi mmoja. Chanzo dhaifu kinampa nguvu yule uliyetaka kumshitaki.

Kwa memwari zenyewe, sharti la Wikipedia ya Kiingereza linasema hivi: tezi ya dokta inaweza kutumiwa kwa uangalifu, kazi ya masteri inakubaliwa paka kama imeonekana kuwa na uzito kati ya wasomi. TFC na memwari ya lisansi ziko kwenye mlango huohuo, ao nyuma yake. Kila lugha ina jamii yake ya wahariri, na ile ya Kiswahili, iliyoanzishwa mwaka 2003, ni ndogo, wachache wanabeba kazi ya wengi. Lakini msingi ni mmoja: msomaji aweze kuhakikisha. Memwari iliyo na nakala mbili kwenye kabati lililofungwa, msomaji wa Kolwezi ao wa Dodoma ataihakikisha namna gani?

Sasa ile sehemu ya hasira iliyo ya haki.

Mwaka 1965, kwa jina la chama cha waliokuwa wafanyakazi wa nyumbani wa Wazungu, André Yav alikusanya andishi juu ya historia ya muji wa Elisabethville, yaani Lubumbashi ya leo. Liliandikwa kwa Kiswahili, Kiswahili chetu hikihiki cha Katanga, na linaitwa Vocabulaire ya muji ule, ijapokuwa si kamusi ya maneno hata kidogo. Linaeleza namna wakoloni walivyokuja, namna kazi ilivyokuwa, majina ambayo watu waliwapa mabwana, mambo ambayo boyi aliyasikia akiwa jikoni huku wakubwa wakizani haelewi. Mwaka 1990 Johannes Fabian, pamoja na Kalundi Mango na Walter Schicho, alilichapisha na tafsiri na maelezo katika kitabu kinachoitwa History from Below.

Uliza sasa: andishi la Yav ni chanzo cha kwanza ao cha pili? Yav hakuwa anaandika shajara yake. Alikuwa anaandika historia. Alikusanya maneno ya wazee juu ya mambo yaliyotangulia, akayapanga, akatoa hukumu. Kwa maana aliyoikusudia mwenyewe, ni kazi ya mwanahistoria. Lakini ukifungua vitabu vya chuo kikuu, Yav ni chanzo cha kwanza, na chanzo cha pili ni maelezo ya profesa. Ni hivyo hivyo kwa Tshibumba Kanda Matulu, mchoraji wa Lubumbashi, aliyemchorea na kumsimulia Fabian historia ya Zaire picha kwa picha katika miaka ya 1970, kazi iliyotoka kama kitabu mwaka 1996. Tshibumba alijiona kuwa mwanahistoria. Wasomi wanamnukuu kama ushuhuda.

Yaani sisi ni sampuli ya udongo, wao ni laboratwari. Kama ni hiyo rafiki yangu anaita zarau, simbishii.

Lakini hata hapa swali la nani amepima linasaidia kuliko kelele. Chukua mgomo wa Desemba 1941. Wafanyakazi wa Union Minière waligoma, Likasi nayo (wakati ule Jadotville) iliguswa, na tarehe 9 Desemba askari waliwapiga risasi wagomaji kwenye uwanja wa mpira wa Lubumbashi. Kati ya waliouawa alikuwa Léonard Mpoyi, karani, musemaji wao. Hesabu ya wafu ya utawala wa kikoloni haifanani na ile inayosimuliwa na watu, ya watu iko juu. Tshibumba aliuchora mgomo ule. Picha yake ni chanzo bora kabisa kama unaandika juu ya namna watu wa Katanga walivyoikumbuka siku ile miaka 30 nyuma yake. Si chanzo cha kuhesabia maiti. Na ripoti ya gavana je? Nayo ni chanzo cha kwanza, hata kama ina muhuri na sahihi. Iliandikwa na upande ulioshika bunduki. Ripoti za mwaka za Union Minière ni vilevile: nzuri kwa kujua kampuni ilitangaza tani ngapi za shaba, hatari kwa kujua kama wafanyakazi waliridhika.

Hapo nawaona vijana wengi wanachagua kwa moyo: mmoja anashika hesabu ya watu sababu ni yetu, mwingine anashika ya ripoti sababu ina muhuri. Wote wawili wamejifanya majaji. Kazi ya kamusi ni kwenda kwa waliolinganisha hizo hesabu, kama John Higginson katika kitabu chake cha 1989 juu ya wafanyakazi wa Union Minière, na kama wanakubaliana, kuandika hivyo. Kama hawakubaliani, kuandika kwamba hawakubaliani na nani anasema nini.

Na wa kwetu wapo! Hiyo ndiyo inaniumiza kidogo wakati watu wanasema hatuna vyanzo vya pili. Isidore Ndaywel è Nziem ameandika historia nzima ya Kongo. Donatien Dibwe dia Mwembu wa UNILU ameandika juu ya familia za wafanyakazi wa Katanga kuanzia 1910 hadi 1997, katika kitabu Bana Shaba abandonnés par leur père, kilichotoka 2001. Dibwe amefanya kazi na masimulizi ya wazee kwa miaka mingi. Neno la muzee wa Panda ulilolirekodi kwenye simu yako halikubaliki kwenye kamusi. Neno la muzee wa namna ileile, likiwa limekusanywa, limelinganishwa na mengine, limewekwa kwenye kitabu kilichochapishwa, linakubaliwa. Muzee ni yuleyule. Kilichoongezeka ni kazi ya kupima, na jina la mutu anayeijibia.

Lakini tusifanye chanzo cha pili kuwa miungu. Septemba 1961 wanajeshi wa Ireland wa ONU, 150 na kitu, wakiongozwa na Pat Quinlan, walizingirwa hapa Jadotville kuanzia tarehe 13 hadi 17 na majeshi ya Katanga, wakajisalimisha bila kufiwa na mutu hata mmoja. Vitabu vimeandikwa, kile cha Declan Power cha 2005 kinajulikana, na sinema ikatoka mwaka 2016. Vitabu hivyo ni vya pili, sawa kabisa na sheria. Lakini ukivua samaki wote katika ziwa moja, utakula samaki wa aina moja. Sehemu kubwa ya ushuhuda wao ni ya waliokuwa ndani ya mahandaki, na hata hesabu ya wapiganaji wa Katanga waliokufa, inayorudiwa kila mahali, ni makadirio ya upande ule. Muji wenyewe, watu waliofunga milango yao siku zile, hawamo. Ukitumia vitabu hivyo, andika jina: kulingana na fulani, kulingana na Wanajeshi wa Ireland. Usiandike kama vile kamusi yenyewe ilikuwa pale na kuhesabu.

Kuna mahali ambapo chanzo cha kwanza ndicho kinafaa, na haina haja ya kuogopa. Ni kwa jambo lililo wazi, ambalo mutu yeyote anayejua kusoma ataliona palepale bila kufikiri zaidi. Likasi ina komini nne: Likasi, Kikula, Panda na Shituru. Andishi la serikali linatosha kwa hiyo. Shinkolobwe, mgodi wa uraniamu ulio kilomita kama 20 kutoka hapa: kwa kuandika kwamba mwaka 2004 amri ya rais ilifunga uchimbaji pale, amri yenyewe inatosha. Kwa kueleza kwa nini wakreseri waliendelea kuingia, ao uraniamu ule ulifikaje Marekani na kwenda katika kazi ya bomu za 1945, amri haisemi kitu. Hapo unamhitaji Susan Williams, aliyeandika Spies in the Congo mwaka 2016, ao Gabrielle Hecht na Being Nuclear ya 2012. Ukiona sentensi yako ina "kwa sababu", "kubwa kuliko zote", "ya kwanza katika Afrika", ao "ilileta", jua umetoka kwenye jambo la wazi. Tafuta cha pili.

Habari za redio na magazeti zinachanganya watu kidogo. Radio Okapi ikitangaza leo kwamba mgodi umeanguka asubuhi, hiyo iko karibu sana na jambo, ihesabu kama ushuhuda wa siku, na hesabu ya wafu ya siku ya kwanza karibu kila mara inabadilika. Redio ileile ikitoa miezi sita nyuma yake uchambuzi wa namna mgodi ule ulivyosimamiwa, hiyo ni kitu kingine. Angalia tarehe kwanza, kiisha jina la redio.

Na kwa wale wanaouliza basi memwari zetu zitupwe wapi: zisitupwe. Kazi ya Shutcha na wenzake ilianzia pale pale ambapo zetu zinaanzia, kwenye udongo wa Katanga na majani kwenye mifuko. Tofauti ni kwamba haikubaki kabatini. Ilipelekwa kwa gazeti lenye wahakiki, wahakiki wakauliza maswali yao, ikatoka, na waliopitia maandishi ya dunia nzima wakaikuta. Kamusi inakuja mwisho wa foleni hiyo. Rafiki yangu na mwalimu aliyemsimamia wanaweza kuifupisha memwari ile katika kurasa kumi, wakaeleza bustani ngapi, sampuli ngapi, namna zilivyooshwa, kipimo gani cha usalama walikitumia na kwa nini. Kwa upande wangu nimemwambia nitamsaidia kwa majedwali. Amesema ataangalia, na kwa sauti yake nilisikia kwamba hasira haijaisha.

Wakati ule anasubiri, makala ya Likasi haihitaji kukaa kimya juu ya metali. Sentensi yake ilisema: "Mboga za Likasi zina sumu ya metali." Badala yake, na vyanzo tulivyo navyo mkononi, inaweza kuandikwa hivi: "Uchunguzi uliotolewa mwaka 2009 na watafiti wa Lubumbashi na Leuven, uliopima mikojo ya watu 351 kusini-mashariki ya Katanga, ulikuta kwamba wanaoishi chini ya kilomita 3 kutoka migodi ao viwanda vya kuyeyusha wana kobalti na metali nyingine nyingi zaidi mwilini kuliko wanaoishi mbali." Ni ndefu, haipigi kelele, na neno "sumu" halimo. Wenye kiwanda wakitaka kuiondoa, itabidi kwanza waisome.